Shoo ya laivu ambayo hutaisahau: watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe tukutane hapa

#1 Baridi ya Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Ugonile kwa wa Mbeya, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, wengine kila mtu achukue salamu yake.

Jana usiku kijana wangu alikuwa ananionyesha kwenye simu shoo ya msanii mmoja huko Dar. Taa kama moto wa nyika, moshi unafuka jukwaani. Akaniuliza, "Baba, hivi wewe ushawahi kwenda shoo?" Nikacheka. Nikamwambia vuta kiti.

Sasa naomba na ninyi mvute viti. Tuweke hapa zile shoo tulizoziona kwa macho yetu, huku huku Nyanda za Juu Kusini. Na iwe laivu: vyombo vinapigwa, mtu anaimba, jasho linamtoka. Ingawa huku kwetu jasho lenyewe kulipata ni kazi. Naanza.

Katikati ya miaka ya 80, mwezi wa 7. Nina miaka 19, nakaa Uyole, najifunza useremala Mwanjelwa. Gari la matangazo lilipita siku tatu mfululizo: bendi kubwa kutoka Dar, Jumamosi saa 2 usiku, njooni mlisakate dansi. Bendi yenyewe siitaji, maana yaliyowakuta siku ile si ya kumtangazia mtu. Kiingilio nilikipata kwa kuuza jogoo wa mama bila yeye kujua. Kesi ya jogoo ilikuja kufungwa mwaka 1991 nilipompelekea kitenge.

Saa 2 tumejaa. Saa 3. Saa 4. Jukwaani kuna kiti kimoja na waya umelala. Wanamuziki tunawaona, wapo, wamekuja na basi, lakini lori la vyombo halipo. Hakukuwa na simu za mkononi, kwa hiyo habari tulikuwa tunaletewa na madereva wa mabasi waliokuwa wanaingia stendi. Wa kwanza akasema lori lilikwama Kitonga tangu asubuhi. Wa pili akasema limeshapanda, kaliona Iringa. Kwenye saa 6 mwingine akaja na habari kwamba kalipita Makambako. Ukumbi mzima ukashangilia Makambako kama goli.

Hakuna aliyeondoka. Ungekwenda wapi? Kwa mguu mpaka Uyole, usiku wa Julai? Na hela ya mlangoni hairudi. Tukakaa nje tunaota moto na wanamuziki wenyewe. Mpiga solo alikuwa na shati la mikono mifupi, shati la Dar hilo, meno yanagongana mpaka unayasikia. Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi pale nje akamsogezea kigoda: "Njoo hapa mwanangu, utatufia." Akakaa pale na gita lake mapajani, akala mahindi matatu. Nilihesabu.

Lori likafika saa 9 kasoro usiku. Sisi wateja tuliolipa ndio tulioshusha spika. Tukadhani sasa mambo tayari. Kumbe bado, kuna tumba. Ngozi zimelegea kwa baridi na umande wa njiani, jamaa akipiga unasikia kama anapiga godoro. Akaomba moto. Jiko la yule mama likabebwa likaingizwa ndani hadi mbele ya jukwaa. Jamaa akaziinamisha tumba juu ya mkaa, moja moja, anazigeuza taratibu kama anabanika samaki, huku anagonga kwa kidole kimoja na sikio limeegama pale pale. Pu. Pu. Anageuza. Po. Watu kimya kabisa. Po. Anageuza tena. Mara ikatoka: *ka!*

Tulipiga makofi hapo, wimbo wa kwanza bado haujaanza.

Walipiga mpaka saa 1 asubuhi. Hiyo ndiyo yangu. Zamu yenu.

#2 Mtumba wa Kabwe

Mzee shikamoo, lakini hii chai imekolea tangawizi. Jiko la mkaa ndani ya ukumbi uliojaa watu na hamkufa? Halafu picha ndo hakuna, si ndiyo?

#3 Baridi ya Uyole

Marahaba kijana. Madirisha yalikuwa na nondo tu, vioo vilishaisha zamani, upepo wa mlima Loleza unaingia utakavyo. Na kuhusu picha, miaka ile kamera anayo mpiga picha wa studio. Unamfuata umechana nywele, unashikishwa ua la plastiki, unaambiwa usipepese macho. Nani angempeleka dansini saa 9 usiku?

#4 Kaka wa Tumba

Nimecheka hiyo ya Makambako. Mimi nimepiga tumba kwenye bendi ya maharusi hapa Mbeya miaka 11, nathibitisha mzee hajatia chumvi. Ngozi ya ng'ombe inakunywa unyevu. Ikishakunywa inavimba, inalegea, mlio unazama. Ukiipasha inakauka na kujivuta. Ila ukizidisha dakika mbili inapasuka *paa*, na shughuli yako imeishia hapo. Ndiyo maana jamaa alikuwa anasikiliza kwa kidole. Siku hizi wengi tunafunga ngozi za plastiki, hazijui baridi wala joto, lakini mlio wake nao haujui chochote.

Na hao wa magita wana kesi yao. Waya wa chuma ukipoa unajikaza, sauti inapanda. Unatuni vizuri nje kwenye baridi, unaingia ndani watu wamejaa, joto linapanda, nyimbo mbili tu gita limeshuka na mwimbaji anakuangalia vibaya. Bendi ya Dar ikija huku bila kujua hilo inaadhirika. Mbeya tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, wao wametoka hapo hapo baharini.

#5 Mama Kihesa

Kamwene wote. Ninyi wa Mbeya mlikuwa mnasubiri lori. Sisi Iringa bendi tulikuwa nayo nyumbani.

Tancut Almasi Orchestra. Vijana wa sasa hawataamini kwamba kiwanda cha kuchonga almasi kilikuwa Iringa mjini, na kiwanda hicho kilikuwa na bendi, na bendi hiyo ilikuwa inawatikisa wakubwa wa Dar kwenye Redio Tanzania. Waimbaji walikuwemo mapacha wawili wenye asili ya Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Mtindo wao kinyekinye.

Mimi nilipelekwa na kaka yangu kwenye bugi, lile dansi la mchana wa Jumapili, la wanafunzi na watoto wa watu. Nilikuwa nimeazima viatu vya binamu, vimenizidi namba mbili, nimejaza karatasi za gazeti mbele. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, imepigwa nta inang'aa. Kila nikigeuka kiatu kinatangulia, mguu unafuata. Nilipotazama jukwaani mapacha wanaimba pamoja, nikafumba macho nijaribu kujua yupi ni yupi. Nikashindwa. Nikafumbua, nikajikuta nimesimama peke yangu katikati, wenzangu wote wamesogea pembeni wananicheka, gazeti limetoka kiatuni linaning'inia.

Sikukimbia. Nilivua viatu nikacheza peku.

#6 Mtumba wa Kabwe

Mama umetisha. Peku kwenye nta!

#7 Mtu wa Makabrasha

Niongezee kidogo hapo kwa Mama Kihesa, maana vijana huwa wanauliza kwa nini zamani bendi zilikuwa zinafika mpaka Njombe na Sumbawanga na leo hazifiki.

Bendi zilikuwa na baba. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, jumuiya ikibadilika jina na bendi inabadilika: JUWATA, baadaye OTTU, leo tunaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park, hao Sikinde, walianza 1978 na wakawa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vijana Jazz walikuwa wa umoja wa vijana wa chama. Tancut ni hiyo ya kiwanda. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, mwisho wa mwezi anapanga foleni ya mshahara kama karani. Vyombo vya shirika, lori la shirika, mafuta ya shirika. Kwa hiyo kilomita 830 za kutoka Dar hadi Mbeya hazikuwa za kumtoa mtu roho, hata ukumbi usipojaa. Miaka ya 90 mashirika yakayumba, mengine yakauzwa, na lori likaenda na mwenyewe.

Mzee Gurumo, yule mwimbaji aliyefariki 2014, ukimfuatilia yeye peke yake umesoma historia nzima: alikuwa NUTA na JUWATA, akaenda Sikinde, akarudi kumalizia Msondo.

Na kabla hamjaniuliza: mimi ni shabiki wa Sikinde.

#8 Konda Mstaafu

Mimi ni Msondo! Usituharibie uzi.

Mimi yangu fupi. Nilikuwa konda wa basi la Dar kwenda Tunduma, muziki nimeusikia kila kituo, ila shoo ya kukaa chini nikatazama ni ya Remmy Ongala na Super Matimila, na hiyo niliiona Dar, si huku, kwa hiyo naona sheria ya uzi hairuhusu. Nasema tu kwamba mtu ambaye kituo cha daladala kinaitwa kwa jina lake hadi leo, pale Sinza, hakulipata jina hilo kwa bahati.

Na yule dereva wa Makambako anaweza kuwa mimi au mwenzangu, tulikuwa tunatumwa sana habari za namna hiyo. Misiba, mizigo, bendi.

#9 Mshona Viatu Tukuyu

Ndaga fijo kwa uzi huu. Mtanisamehe, yangu haina kiingilio.

Pasaka, Moravian, huku Rungwe. Wasioijua desturi yetu: siku ya ufufuko ibada inaanzia makaburini, alfajiri, giza bado. Mimi nilikuwa na miaka 8, babu yangu anapiga besi, lile tarumbeta kubwa la kujizungushia mwilini. Tunatoka nyumbani saa 10 usiku. Mvua ya Tukuyu mnaijua, haikatiki, inapumzika tu. Siku hiyo ilikuwa imepumzika, kuna ukungu, migomba inadondosha matone.

Njiani babu hakulibeba lile domo dogo la kupulizia pamoja na tarumbeta. Alilichomoa akaliweka kwapani, ndani ya koti. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Likilala kwenye baridi nalo linaamka na baridi." Kufika makaburini nikaona wazee wote wanafanya hivyo hivyo, mmoja mmoja anaingiza mkono kwapani, anatoa domo lake, analichomeka. Hawaonani, giza. Unasikia tu *klik, klik, klik* kwenye ukungu.

Halafu wakapuliza wote kwa pamoja.

Ndugu zangu, mimi nimeshakwenda uwanja wa Sokoine, nimekwenda viwanja vya Nane Nane pale John Mwakangale wasanii wakiwa kumi. Sijawahi tena kusikia kitu kikanipiga kifuani namna ile. Wimbo ulipoisha wazee wakafungua kale kabomba kadogo wakamwaga maji ya pumzi zao kwenye nyasi, kila mtu mbele ya kaburi la watu wake.

#10 Mtumba wa Kabwe

Mzee wa Tukuyu hiyo nzuri lakini si konsati, ni ibada.

#11 Mshona Viatu Tukuyu

Gwe, watu walikuwepo, vyombo vilikuwepo, nimekumbuka miaka 40. Wewe iite unavyotaka.

#12 Kaka wa Tumba

Nimeipenda ya kwapani. Na angalieni ajabu: gita likipoa sauti inapanda, tarumbeta likipoa inashuka, kwa sababu hewa ya ndani ikiwa baridi mlio unateremka. Ukiwa na bendi yenye vyote viwili asubuhi ya mwezi wa 6 pale Igoma au Makete, unahitaji kwapa na jiko kwa pamoja.

#13 Dogo wa Nzovwe

Wazee heshima kwenu, ila mnatuona sisi wa Bongo Fleva kama hatujaona kitu. Mbeya hii ndiyo iliyomtoa Sugu, wengine mnamjua kama Joseph Mbilinyi mbunge wa Mbeya Mjini 2010 hadi 2020, sisi tunamjua kama Mr. II. Mbeya hii imemtoa Izzo Bizness, imemtoa Rayvanny aliyechukua tuzo ya BET 2017. Siyo mji wa kubahatisha.

Na ndiyo maana hatudanganyiki. Kuna staa mmoja (jina kapuni) alikuja, uwanja nyomi, tumemsubiri tangu saa 10 jioni. Akapanda na miwani usiku. Maiki mdomoni, anaruka, sauti safi kama redioni. Safi mno! Tukaanza kutazamana. Mara sidii ikanasa: "nipe nipe nipe nipe nipe". Jamaa katoa maiki mdomoni amwite fundi mitambo, na sauti yake inaendelea kuimba kwenye spika. Nilikuwa mstari wa tatu, niliona uso ukibadilika kutoka staa hadi mwanafunzi aliyeshikwa na kibomu kwenye mtihani.

Chupa za maji zilianza kuruka. MC akahamaki, akamvuta dogo mmoja wa Mwanjelwa aliyekuwa anabeba nyaya, akamwambia chana. Dogo akasema biti hakuna. MC akasema chana hivyo hivyo. Akachana. Mistari miwili ya kwanza alikuwa anatetemeka, wa tatu akataja mtaa wetu, basi. Uwanja mzima ukawa unampigia makofi ya biti. Dakika nne. Sijawahi kumsikia tena popote, na ndiyo shoo niliyolipia.

#14 Mama Kihesa

Pleibeki ni ugonjwa wa siku nyingi sasa. Watu wa bendi nao walikuwa wanakosea, sana tu, ila walikuwa wanakosea mbele yako na unamwona mwenzake anamtazama jicho la pembeni.

#15 Nje ya Ukuta

Mimi ni wa Iringa, sijawahi kuingia shoo yoyote uwanja wa Samora. Hela haikuwahi kutosha. Lakini nimezisikia zote.

Kuna ile sehemu wauza chipsi walikuwa wanakaa, unanunua za bei ya chini kabisa unazila taratibu saa nne nzima. Baadaye tukagundua jiwe la Gangilonga. Unapanda juu na rafiki zako, mji wote upo chini yako, uwanja unauona kama bakuli lenye taa. Walipokuwa wanarusha fataki unaona mwanga kwanza, unatulia, ndipo mlio unakuja. Na besi vile vile, inafika imechelewa na imechoka, maneno yamebaki njiani. Tulikuwa tunabishana ni wimbo gani. Mshindi anapewa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kama ni msimu wake. Wahehe wanasema Gangilonga maana yake jiwe linaloongea, na usiku ule kwa kweli ukiweka mgongo chini ulikuwa unahisi kitu.

Sasa nina kazi, hela ya kiingilio ninayo. Mwaka juzi nilifika hadi getini nikageuza. Niliona nitaharibu.

#16 Konda Mstaafu

Hii imenigusa. Mpe huyu siti ya mbele.

#17 Mama Kihesa

Baridi ya Uyole, nina swali, na naliuliza bila utani.

Ninyi wanaume wote hapa mnasimulia kurudi nyumbani saa 1 asubuhi. Sisi hatukuwa na hiyo. Baada ya kukua nilikwenda dansi la usiku mara nyingi, na kaka, na baadaye na mume wangu. Lakini mwanamke usiku ule alikuwa anaondoka mapema, kabla watu hawajalewa, kabla taa za nje hazijazimwa, kabla njia ya Kihesa haijawa ya kukimbia. Kuna kijana mmoja aliwahi kunishika mkono akagoma kuniachia, kaka akavua mkanda. Tangu hapo tulikuwa tunaondoka saa 7 kamili, nyimbo bado kibao. Nikiwa njiani naisikia bendi inapungua nyuma ya mgongo.

Kwa hiyo mimi nina miaka 58 na sijui dansi linaishaje. Umesema walipiga mpaka saa 1 asubuhi. Ikawaje?

#18 Baridi ya Uyole

Dada yangu, swali hilo sijawahi kuulizwa. Ngoja nikumbuke vizuri nisikudanganye.

Kwenye saa 11 watu walianza kukaa chini, wengine wamelala wameegemea ukuta, bendi inapiga tu. Wacheza dansi tulibaki kama 20. Wanawake walikuwepo watatu, wote wauzaji wa nje, wameshamaliza biashara, wameingia bure. Yule mama wa mahindi alikuwa mmojawapo. Alikuwa anacheza kandokando ya jiko lake, asiliache.

Mwanga ulipoanza kuingia kwenye nondo za madirisha nikaona wanamuziki nyuso zao kwa mara ya kwanza. Usiku walikuwa wakubwa. Kumbe vijana tu, mwimbaji ananizidi labda miaka minne, macho mekundu. Kengele ya kanisa ikalia huko nje. Mwimbaji akaweka maiki chini, akaondoka bila kusema kitu, akaenda kukaa kwenye boksi la spika akavua viatu. Wa magita wakaendelea. Baadaye mpiga besi akachomoa waya wake akaanza kuuzungusha kiwikoni, huku wenzake bado wanapiga. Halafu ridhim. Solo akapiga peke yake kidogo, akashindwa, akacheka, akapuliza vidole.

Akabaki wa tumba. Jiko lilikuwa limeshakuwa majivu, baridi ya asubuhi imeingia, na ngozi zilikuwa zinarudi zilikotoka. *Ka* ikawa *po*. Alikuwa anaisikia inashuka na hakuacha, alikuwa anaifuata tu, anapunguza mkono kadiri inavyolegea, mpaka ikafika pale pale kwenye godoro. Pu. Pu.

Mama wa mahindi akainama, akaliinua jiko lake, akamwaga majivu mlangoni, akaenda.